Kumzika Baba Mara ya Pili

Tangu nirudi Butembo, mazoezi ya kwaya hayaishi vizuri. Tukishafunga vitabu tu mnanizunguka: Kahindo, ilikuwaje? Naanza kusimulia, mmoja anakatiza, mwingine anafuta machozi, mvua inakuja, tunatawanyika. Nimeona afadhali niandike yote mara moja, msome kwa zamu. Habari za tiketi na vibali naziruka, maana nanyi mnaijua nchi yetu.

Wengine wenu hamjui mwanzo wake. Baba yangu, Kasereka, alikuwa mchuuzi wa maharage. Wakati wa vita barabara zilikuwa zimefungwa, hivyo wafanyabiashara wa kwetu walipeleka bidhaa Kisangani kwa ndege za mizigo. Baba alikuwa huko wakati majeshi mawili ya nchi jirani, yaliyoingia pamoja kama marafiki, yalipogeukiana na kuanza kupigana katikati ya mji. Watu wanaiita Vita ya Siku Sita. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza naanza shule. Habari kwamba bomu limemuua ilitufikia, lakini mwili haukufika. Tuliambiwa tu kwamba fundi mbao mmoja aliyempangisha chumba, Papa Ramazani, alimzika uani kwake.

Mwaka huu ukaja ujumbe wake, kutoka kwa mchuuzi hadi kwa mchuuzi, mpaka dukani kwa mama: kiwanja kinauzwa, mnunuzi atajenga ghorofa, njooni mumchukue baba yenu kabla msingi haujachimbwa. Magoti ya mama hayamruhusu tena kusafiri, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Nikafunika cherehani, nikaenda.

Kutoka Butembo: kabichi na askari

Nilipanda lori la viazi na kabichi. Dereva alikuwa Muhindo, jirani wa shangazi yangu, mtu asiyezungumza mpaka aguswe. Kati yetu pale mbele alikaa mwanamke wa Kisangani, mnene, mcheshi, aliyekuwa amekwenda Beni kumwona binti yake aliyejifungua. Alisema nimwite Mama Bea. Kabla hatujatoka mjini alikuwa ameshanigawia nusu ya mkate wake, na ameshajua nina mume au sina.

Baada ya Beni tulisimama. Magari yote yalipaswa kungoja askari wa kutusindikiza, kwa sababu watu wanachinjwa kwenye barabara ile. Tukangoja. Kabichi zikaanza kunuka. Wanawake wa kijiji wakatuletea mahindi ya kuchoma, na Mama Bea akabishana nao kuhusu chumvi kana kwamba ndilo jambo kubwa kuliko yote duniani. Nilimshangaa. Baadaye nilielewa kwamba yeye akiogopa huzungumza habari za chakula.

Askari walipofika walikuwa na bunduki mpya na viatu vilivyopasuka. Mmoja aliomba viazi. Muhindo akampa.

Mambasa: mashine mtoni

Nilidhani hofu ingepungua tukiacha ile barabara ya Beni hadi Komanda. Haikupungua, ila ilibadilika sura. Kuanzia Mambasa, kila tulipovuka mto tuliona mashine kubwa zikinyonya mchanga kutafuta dhahabu, na maji yakiwa mekundu kama chai ya maziwa. Kando ya barabara maduka yaliuza koleo, mabuti, betri na bia. Na kwenye kila njia iliyoingia msituni kuelekea machimbo walikaa watu wenye silaha. Wengine walikuwa na sare, wengine nusu sare, wengine fulana za mpira wa miguu.

Nilimuuliza Muhindo hawa ni wa kundi gani.

"Leo?" akasema. "Leo sijue. Mwezi wa jana balikuwa bengine."

"Wanapigania nini?"

Aligeuza shingo akaniangalia, mara ya kwanza tangu tuondoke. "Mama, angalia barabara. Kule kwenye kulikuwa mihogo tu, uliona bunduki?"

Nikakumbuka tulikotoka. Tulikuwa tumepita vijiji vingi vya mihogo na ndizi ambako hakukuwa hata na kizuizi cha kamba. Muhindo akabadilisha gia. Mimi nilianza kuhesabu mabuti na bia za yale maduka kwa namna nyingine: nani anauza, nani ananunua, na ile bunduki ya kwenye njia inalipiwa na nini.

Bafwasende: matope na wali wa rubani

Kabla ya kufika Bafwasende lori la mbele yetu lilizama kwenye matope hadi mlangoni, na yote yaliyofuata yakakwama. Msitu pande zote mbili, mvua juu, foleni nyuma yetu isiyoonekana mwisho. Tulikaa hapo mpaka tukajuana na kila mtu. Mama Bea alinunua ndizi na samaki wa moshi kwa watu wa kijiji, akapanga mafiga chini ya turubai, akapika kwa ajili yetu na kwa madereva wawili wasiomhusu.

Nilimwambia amezaliwa kuwa mpishi.

"Njo kazi yangu," akasema. "Wakati ya vita nilikuwa napikia batu ya ndege. Kule ku uwanja, nilikuwa na kibanda."

Nilimwambia habari ya baba. Aliacha kukoroga. Akaniuliza baba alikuwa wa sura gani, nikashindwa kumjibu vizuri, kwa sababu sura ninayoijua ni ya picha. Akasema wachuuzi wa Butembo waliokula kwake walikuwa wengi, labda alimlisha, labda hapana. Kisha akaanza kusimulia, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha.

"Ndege zilikuwa zinakuya na bazungu batatu, bane. Sijue ba wapi. Luga yao haikuwa Kifaransa. Balikuwa banapenda wali yangu na pondu ya majani ya muhogo. Ndani ya ndege, chini, masanduku ya risasi na bombu. Juu ya masanduku, magunia ya maharage, sabuni, chumvi. Na juu ya magunia, bachuuzi banaikala. Njo vile batu balikuwa banasafiri."

"Juu ya mabomu?"

"Juu ya mabombu, binti yangu. Na siku ya kurudi, ndege inabeba kahawa, mbao. Na siku zingine, kavalizi, kasanduku kadogo tu ka mukono, kanalindwa na askari kuliko general. Tulikuwa tunajua ni almasi. Hakuna mwenye alikuwa anasema."

Alipakua chakula, lakini hakula. "Sikia sasa. Wiki moja bale bazungu banaleta mizigo ya jeshi hii. Wiki ingine, bale bale, ndege ile ile, banaleta ya jeshi ile ingine. Miye nikaona vile, nikauliza moja wao, mwenye alikuwa anajua Kiswahili ya kuomba chakula. Nikamuambia: bon, weye, uko wa nani? Akacheka. Akashika sahani. Akasema: mimi ni wa wali yako, Mama Bea."

Mvua ilikuwa inapiga turubai. Muhindo alikuwa amesimama karibu, anasikiliza.

"Kisha bakapigana," Mama Bea akaendelea. "Mabombu yakaanguka ku nyumba zetu, ku makanisa, ku soko. Ilipoisha tukazika batu. Na bale bazungu bakarudi mara moja kubeba vitu vyao. Nikafikiri batakuwa na huzuni, maana kazi yao imekufa. Yule wangu akaniambia, hapana, tunaenda inchi ingine, kule iko kazi mingi. Akaniaga vizuri. Akaniachia sufuria."

Niliinuka nikaenda kusimama mvuani kidogo. Nilikuwa nawaza magunia ya baba. Alikuwa mtu wa kujivunia maharage yake, mama anasema; aliyachambua mwenyewe, hakuruhusu jiwe hata moja. Huenda aliketi juu ya magunia hayo, na chini yake, katika sanduku lililofungwa vizuri, kulikuwa na lile lililokuja kumuua. Sijui. Hakuna wa kujua. Lakini tangu siku hiyo siwezi kuifikiria safari yake ya mwisho kwa namna nyingine.

Tulipotoka kwenye matope sote tulikuwa rangi moja.

Kisangani: "Papa hayuko!"

Muhindo alitupitisha katikati ya mji akitafuta soko. Kisangani ina mitaa mipana na miti mikubwa, na baiskeli kila mahali zikibeba abiria nyuma. Niliona nyumba za wanunuzi wa almasi, ukutani pamechorwa jiwe kubwa kama jungu, linang'aa kwa rangi ya bluu. Rangi ilikuwa imebanduka, na chini yake yalionekana matundu ya risasi yaliyozibwa kwa saruji.

Mama Bea alinielekeza mpaka mtaa wa Papa Ramazani, akaenda kwake kuoga. Nikabisha hodi. Akafungua mwanamke wa umri wa kunikaribia, ushungi begani, mikono ina unga.

"Jambo, dada," nikasema kwa adabu ya kwetu. "Nimekuja kumchukua papa."

Uso wake ukabadilika. "Papa hayuko!"

"Najua yuko hapa. Nimetumwa nije nimwondoe kabla ya kujenga."

"Nimesema papa hayuko! Na hauna haki ya kumuondoa!" Akafunga mlango kwa nguvu, nikasikia komeo.

Nilibaki na begi langu, majirani wakikusanyika. Mmoja akasema mimi ni mtu wa mahakama. Mwingine akasema nimetumwa na mnunuzi kumfukuza mzee kabla ya siku waliyokubaliana. Kijana mmoja akaanza kunipigia kelele kwa Kilingala, nami Kilingala changu ni cha nyimbo za kanisani. Nikakaa kwenye begi nikaanza kulia, kwa uchovu tu, na kwa matope yaliyokuwa bado kwenye nywele.

Ndipo mlango ukafunguka tena, akatoka mzee mrefu mwenye kofia nyeupe na vumbi la mbao kwenye nyusi. Aliniangalia kwa muda mrefu.

"Uko mutoto ya Kasereka," akasema. "Hiyo paji la uso ni yake." Akamgeukia binti yake. "Mwajuma, hakuya kunichukua miye. Anamuchukua papa yake."

Mwajuma alishika mdomo. Kisha akacheka, akalia, akanishika mkono akaniingiza ndani, na unga wote ukaishia kwenye nguo yangu. Jioni ile walinipa lituma, ndizi zilizotwangwa na mihogo mpaka zikawa laini, pamoja na samaki wa mtoni. Kila nilipomaliza Mwajuma aliongeza. Nilidhani anaomba radhi kwa ule mlango. Kumbe kulikuwa na jingine.

Uani

Asubuhi Papa Ramazani alinionyesha mahali. Hapakuwa na msalaba. Kulikuwa na matofali yaliyozunguka kipande cha ardhi kilichofagiliwa, na hakuna aliyewahi kupanda hata mchicha hapo.

"Sikujua sala zenu," akaniambia. "Nikamusomea zetu. Kama nilikosa, unisamehe."

Nilimwambia hakukosa.

Akanieleza. Siku zile za mabomu walikuwa wamejifungia ndani, wapangaji na wenye nyumba pamoja, wamelala chini. Maji yakaisha. Mwajuma alikuwa mchanga, ana homa, midomo imepasuka. Mlio ukatulia kidogo. Papa Ramazani akataka kutoka, baba akamzuia: wewe una watoto wengi humu, mimi nina mmoja naye yuko mbali, salama. Akachukua dumu. Alifika kisimani, akajaza, akarudi. Bomu lilimkuta akiwa ameshaingia uani. Dumu halikutoboka.

"Mutoto alikunywa ile maji," akasema Papa Ramazani.

Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni na mwanawe mgongoni. Ndipo nikaijua ile lituma ilikuwa ya nini.

Katekista wa parokia alikuja, na wachimbaji wawili, na Mama Bea akiwa amevaa kitenge kizuri na kubeba sufuria kubwa ya wali. Walichimba polepole. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa, lakini mifupa ya baba ilinitia utulivu. Ilikuwa midogo kuliko nilivyodhani, rangi ya udongo. Kati ya mbavu mchimbaji mmoja akakuta chuma. Akakiinua, akakifuta kwenye suruali yake, akanipa.

Kilikuwa cha ukubwa wa nusu kiganja, kizito, ukingo wake umekunjwa kama karatasi iliyochanwa. Upande mmoja kulikuwa na herufi chache zilizopigwa kwa mashine, nadhifu, zilizonyooka. Katekista aliziangalia, akatikisa kichwa. Hazikuwa za Kifaransa. Papa Ramazani anasoma Kiarabu. Hazikuwa za Kiarabu. Hazikuwa za nchi yoyote kati ya zile mbili zilizopigana.

"Sikuweza kukitoa," akasema Papa Ramazani. "Nilijaribu, nikashindwa. Nikamuzika nacho."

"Mama anataka kujua ni jeshi gani lilimuua," nikasema.

Mzee akaonyesha kwa mkono. "Walikuwa wanarusha hawa kutoka huku, na wale kutoka kule. Nyumba yangu iko katikati. Kila mwaka watu wananiuliza ilikuwa ya nani. Mimi ninasema, bombu ilipita juu, haikuniambia jina." Akanyoosha kidole kwenye zile herufi. "Lakini aliyeandika hapa hakuwa huku wala kule. Alikuwa mbali. Alifanya kazi yake vizuri, akalipwa, akaenda kulala. Na mwenye alimulipa, alilipwa na hawa, akalipwa na wale. Na sisi wote hapa tulikuwa tunauza kitu fulani. Mimi nilikuwa natengeneza viti vya wanunuzi wa almasi. Walilipa vizuri."

Alisema hivyo bila kujipiga kifua wala kujitetea. Kisha akanishauri nikitupe mtoni. "Usimupelekee mama yako chuma. Mupelekee habari ya dumu."

Kumrudisha Butembo kwa barabara ile hatukuweza, hivyo tulimzika baba mchana katika makaburi ya mji. Mtandao ulikubali, nikapiga simu, na mama akasikiliza kutoka Butembo huku katekista akisali. Baada yake Papa Ramazani akafungua viganja akasoma za kwake, kwa sauti ya chini. Mama akauliza ni nani huyo. Nikamwambia ndiye aliyemlinda. Akasema nisogeze simu karibu yake.

Kurudi

Sikukitupa kile chuma. Nilikifunga ndani ya leso nikakiweka chini ya begi. Muhindo alikuwa amepata mzigo wa mchele na mafuta ya mawese, barabara ilikuwa imekauka kidogo, na bila Mama Bea safari ilikuwa kimya sana.

Kwenye kizuizi kimoja kabla ya Beni askari walitushusha wakapekua kila kitu. Aliyepata begi langu alifungua leso, akaruka nyuma.

"Mama! Hii ni nini?"

"Ni kipande cha bomu."

Wenzake wakanielekezea bunduki. Muhindo akainua mikono juu. Nikaeleza yote: baba, kisima, uani, mifupa. Yule askari alisikiliza, kisha akawaashiria wenzake washushe silaha. Akakichukua kile chuma akakigeuza kwenye mwanga.

"Kimeandikwa nini?"

"Hakuna aliyeweza kusoma."

Akaitazama bunduki yake, akafuta pembeni yake kwa kidole gumba mpaka herufi zikaonekana. Zilikuwa nyingine kabisa, si kama zile za baba, nazo hatukuzijua, si yeye wala mimi.

"Ya kwangu pia iko na maandishi," akasema. "Nimetembea nayo siku zote hizi. Sijawahi kujiuliza inasema nini." Alisubiri, kana kwamba mimi ningeweza kumwambia. Kisha akakifunga kile chuma kwenye leso, akanirudishia kwa mikono miwili.

Nyumbani

Mama alinipokea kwa uji na maswali. Nilimsimulia habari ya dumu kwanza, kama Papa Ramazani alivyotaka, na mama alifurahi kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwake. Alicheka akilia. "Ndiyo yeye," akasema. "Ndiyo yeye kabisa." Nilitaka kuishia hapo. Lakini akaniuliza ni nani walimuua, na sikuweza kumdanganya. Nikatoa leso.

Mama hajui kusoma. Alipitisha kidole juu ya herufi moja moja, taratibu, kama anavyokagua kitambaa.

"Wamepiga vizuri," akasema. "Hazijafutika."

"Ndiyo, mama."

"Mutu mwenye aliandika hapa, anajua ilifika kwetu?"

Nikamwambia hapana. Ni mtu wa kiwanda mbali huko, sidhani kama anajua. Sidhani hata aliwahi kusikia jina la Kisangani.

"Hakuna mutu alimuambia?"

"Hakuna."

Alikaa nacho mapajani mpaka uji ukapoa.

Ninyi wa sauti ya kwanza mlikuwa karibu naye Jumapili, wakati wa maombi ya waumini, aliposimama akasema kwa nguvu, "Tumuombee mutu wa kiwanda," na padri akasita, na watoto wakacheka. Baadaye mmoja wenu aliniuliza kwa upole kama mama ameanza kuchanganyikiwa. Hapana. Akili yake iko sawa kuliko yangu. Hamwombei mtu huyo asamehewe, wala aadhibiwe, nilimuuliza. Anamwombea apate kujua.